Amin Niliyoitikia Melini

Dubai
20 Novemba 1996

Kwa binti yangu Abeer,

Assalaam alaykum. Mie mzima, mgongo tu ndio unaonikumbusha kuwa si kijana tena, lakini ghala halijui mgongo wa mtu. Natumai wewe na mama yako mko salama na kwamba chumba cha nyuma hakivuji kwa mvua hizi za vuli. Mwambie mama yako ile achari aliyoileta Ami Hamid imekwisha siku ya pili, chupa nimeilamba kama paka.

Sasa kaa kitako unisikilize. Tiketi yako imeshakatwa. Skuli zikifungwa tu, Ami Hamid anakuja kuchukua mzigo wa duka lake, utafuatana naye. Utakaa nami mpaka karibu na kufungua skuli. Miaka minane niko huku, na nimerudi nyumbani mara tatu. Kila nikija unajificha nyuma ya mlango mpaka unizoee, na ukishanizoea siku yangu ya kuondoka imefika. Mara hii hapana mlango wa kujifichia, chumba changu ni kimoja!

Na nimekuwekea jambo. Kuna meli hapa, ya chuma, nyeupe, ya ghorofa mbili. Inapita kwenye hori la bahari lililoukata mji huu kati kama mto. Watu wanapanda baada ya magharibi, wanakula humo humo, mji unawapita dirishani, wanashuka wameshiba. Miaka yote hii mie naitazama kutoka ukingoni na mkate wangu mkononi. Nilisema siipandi mpaka niipande na mwanangu.

Njoo na ile nguo yako ya kijani. Tutakuwa na wageni kidogo.

Mimi,
Babako


Kiponda, Unguja
3 Disemba 1996

Babangu mpenzi,

Shikamoo. Sisi hapa wazima, kikohozi cha Mama kimepungua, chumba cha nyuma kinavuja kama kawaida yake na tumekiwekea beseni. Wewe mgongo usiuchezee, tafadhali. Ukisugua mafuta ya karafuu usikae penye upepo.

Baba, nimeisoma barua yako mpaka imeanza kuchanika penye mikunjo. Nikifumba macho naiona hiyo meli. Lakini kuna jambo nataka nilikiri kabla sijaja, usije ukaaibika nami huko. Mie siwezi kula mbele za watu. Kweli. Kwenye harusi nakaa pembeni, nasubiri nirudi nyumbani nile wali wa jana. Mtu akinitazama, tonge linasimama hapa kooni. Mwalimu wetu wa Kiingereza anasema insha zangu zinapiga kelele, lakini akinisimamisha darasani nasahau hata jina langu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Kwenye karatasi ndipo nilipo na mdomo. Usinicheke.

Wageni kidogo ni wangapi? Na ni nani? Nimemuuliza Mama, akanambia, "Wewe nenda ukamwone babako, maswali yaache bandarini." Halafu kaipiga pasi ile nguo ya kijani mara mbili, na mimi sijaondoka bado.

Nakuja Baba. Naogopa na nakuja.

Mwanao,
Abeer


Kiponda, Unguja
7 Januari 1997

Baba,

Shikamoo. Tumefika salama, mie na Ami Hamid na matairi yake. Mama hajambo. Ule ubani kaufurahia, kaufukiza nyumba nzima mpaka majirani wametuuliza nani kajifungua. Natumai na wewe hujambo, na chumba hakijawa kikubwa sana sasa nilipoondoka.

Nimekaa siku nyingi na kalamu. Nikianza barua naichana. Hii sitoichana.

Nataka nikuhadithie ile safari ya meli. Najua ulikuwemo. Lakini nadhani mie na wewe tulipanda meli mbili mbalimbali.

Wewe ulipanda meli ya furaha. Ulivaa kanzu mpya, ukanishika mkono kwenye ile ngazi inayotikisika, ukawa unanionesha: lile ghala lenu, ule mskiti unamosali Ijumaa, zile taa za soko la dhahabu. Ulicheka sana. Nikasema moyoni, kumbe babangu ana meno mazuri hivi, na mie sikuwa nikijua.

Mie nilipanda meli nikakuta meza ya watu watano, na sisi tuko wawili. Mzee Saud na mkewe na mwanawe Talal walikuwa wameshakaa. Nilimjua Mzee Saud kwa jina, ndiye rafiki yako wa tangu Unguja, aliyekupokea ulipofika huko. Nikamwamkia. Akasema, "Marahaba, marahaba. Ndiye huyu? Mbona mwili mdogo?" Mkewe akasema, "Mwili utakuja, kwetu wali upo." Mkacheka nyote. Na mie nikacheka, Baba, ndivyo nilivyo, watu wakicheka nami nacheka.

Chakula kilipangwa mwisho wa ukumbi, kila mtu aende akajipakulie. Harufu ya kondoo ilikuwa inanivuta kwa pua. Lakini kufika pale lazima nipite katikati ya meza zote, Wazungu na kamera zao, na yule kijana wa Kihindi anayesema "Welcome, welcome" kwa kila mtu. Nikasema sina njaa. Wewe ukamgeukia mke wa Mzee Saud, ukasema kwa fahari, "Binti yangu si mtu wa kula ovyo." Baba, nilikuwa nakufa na njaa! Nilikula tende kwa sababu zilikuwa mezani na mkono ulizifikia.

Basi meli ikafika mwisho wa hori, pale inapogeuza, taa zote za mji zikawa zinazunguka. Wewe ukaweka kijiko chini ukasema, "Abeer, mama. Ami yako Saud kakuomba kwangu kwa ajili ya Talal. Mie nimefurahi. Wewe wasemaje?"

Nyote mkanitazama. Na mie mdomoni nina kokwa ya tende. Nikaitie wapi? Kwenye sahani, mbele ya macho ya watu wanne? Mkononi? Naapa, Baba, hilo ndilo nililokuwa nikiliwaza. Nikaitia shavuni, nikainamisha kichwa.

Mke wa Mzee Saud akasema, "Mashaallah, kanyamaza." Mzee Saud akasema, "Kimya cha mwari ni ndiyo yake. Haya, Alfatiha."

Mikono yote ikainuka. Na yangu. Tangu nna miaka minne Bi Biasha ananifunza chuoni kwake, kwenye Kurani: Fatiha ikisomwa inua mikono, ikimalizika itikia. Mikono yangu haikuniuliza, ilikwenda yenyewe. Nikaitikia Amin, kokwa iko shavuni. Hilo ndilo neno pekee nililolitoa usiku ule, na ndilo lililopigiwa vigelegele mpaka Wazungu wakaja kutupiga picha.

Baba, sikusema ndiyo.

Sina ubaya na Talal. Alimenya chungwa lake ganda lisikatike, na aliniuliza mara moja kama baridi ya kiyoyozi inanisumbua. Mtu mwema. Lakini hata muuza maandazi wa hapa mtaani kwetu ni mtu mwema. Mie nnataka kumaliza skuli. Na hata kama skuli isingekuwapo, bado sitaki, na sijui kwa nini sitaki yangu ihitaji sababu wakati kimya changu hakikuhitaji.

Sikukwambia kule kwa sababu kule ulikuwa na uso. Hapa una anwani tu. Tafadhali mwambie Mzee Saud.

Mwanao,
Abeer


Dubai
17 Januari 1997

Abeer, mwanangu,

Wa alaykum salaam, na marahaba. Ramadhani karim kwako na kwa mama yako. Huku tunafuturu ghalani, watu kumi kwenye sinia moja, na kila mmoja anadai kwao ndiko kunakojulikana kupika. Mie nasema nyamazeni, hamjakula tambi za mke wangu.

Barua yako nimeisoma baada ya futari, nikacheka mpaka wakaniuliza kuna nini. Kokwa ya tende! Haya ni mambo ya kuja kuwahadithia wajukuu.

Lakini tuache mzaha. Mwari yupi asiyeona haya? Mama yako siku nilipompelekea posa alijifungia chumbani, akagoma hata kula. Leo ni miaka ishirini, muulize kama anajuta. Mie sikukulazimisha. Nilikuuliza, mbele ya watu, kwa lugha yako. Ukanyamaza, na kimya ndiyo jawabu ya mtoto aliyelelewa. Kisha ukaitikia Amin kwa mdomo wako. Fatiha imeshasomwa, mama. Fatiha hairudishwi dukani kama kitambaa.

Akdi ya ndoa itafungwa Mfunguo Mosi, mwezi wa Ramadhani ukisha tu, hapa hapa. Talal atanishika mkono mskitini, nitamwozesha, nawe utaletewa khabari kama wanavyoletewa wenzio. Bi Jokha, dada yake Saud, yule anayekaa Vuga, atakuja kwenu sikukuu na sanduku lako. Mpokeeni vizuri.

Na nikwambie lililo moyoni, kwa kuwa na wewe umenambia lako. Nimechoka kuwa baba wa kwenye bahasha. Umekua bila mimi. Nimekukuta uwanja wa ndege una urefu wa mama yako, nusura nikupite. Ukiolewa na Talal utakaa mtaa wa pili na mimi. Ijumaa nikitoka mskitini nitapiga hodi kwako. Hilo tu ndilo ninaloomba duniani. Ni kubwa?

Babako


Kiponda, Unguja
28 Januari 1997

Baba,

Shikamoo. Saumu inakwenda salama, Alhamdulillahi, ingawa mchana umeme unakatika na Mama anapika tambi kwa hasira. Yeye pia anakusalimu. Nilimuuliza kama anajuta, kama ulivyosema nimuulize. Kanitazama, kisha kasema, "Mie nilijifungia chumbani kwa sababu nilikuwa namtaka, nikaona haya. Wewe unajifungia kwa nini?" Nikamwambia. Tangu siku hiyo nguo ya kijani kaitia ndani ya mkoba chini kabisa, siioni tena.

Baba, kile kifungu cha mwisho cha barua yako kimeniliza. Nimekisoma nikatamani nichukue kalamu niandike: haya, nimekubali, njoo upige hodi. Nilikaribia, wallahi. Halafu nikawaza: ukitaka niwe karibu nawe, mbona hukunambia "Abeer, njoo ukae nami"? Ningekuja. Ningelala chini ya meza ya chumba chako. Hukuniita mimi kwako. Umenipeleka kwa Talal ili uje kunitembelea.

Nimekwenda kwa Bi Biasha. Unamjua, hana mchezo, hata wewe alikuchapa. Nimemhadithia yote, meli na tende na Amin. Alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua mpaka nikadhani hasikii. Akasema, "Mwari akiulizwa akanyamaza, tunasema karidhia. Sawa. Lakini aulizwe pahala ambapo akitaka kuondoka ataondoka. Wewe umeulizwa majini. Ungetoka ungekwenda wapi, ungeogelea?"

Nikamwambia, "Lakini niliitikia Amin, Bi."

Akanambia, "Amin ni ya Fatiha. Si ya Talal."

Basi nakwambia tena, na mara hii mdomoni sina kitu: sitaki. Umeniuliza mbele ya watu, nakujibu mbele ya karatasi. Mwambie Mzee Saud binti yako kasema hapana. Kama unaona haya kumwambia, basi umejua mie nilivyokuwa naona kule melini.

Mwanao,
Abeer


Dubai
5 Februari 1997

Abeer,

Salaam. Nimepata barua yako kwa mkono wa Ami Hamid.

Bi Biasha nnamheshimu, lakini walii wako wa kukuozesha ni mimi, si yeye. Kumbe siri za nyumba yangu zinachambuliwa na mchele wa watu sasa.

Saud nimekula naye, nimelala kwake, nimemwahidi mbele ya mkewe. Unataka niende nikamwambie mwanangu alikuwa na kokwa mdomoni? Uso wangu nikauweke wapi? Nimekupa skuli ukajifunza kuandika Kiswahili na Kiingereza, kumbe nimekupa kisu.

Sitaki kusikia tena jambo hili. Ukimfungulia mlango Bi Jokha na kumpokea kwa adabu, tumekwisha, nimesahau. Ukinivunjia ahadi yangu, ujue radhi zangu huna. Sijakutamkia neno hili tangu umezaliwa, na kuliandika tu mkono unaniuma.

Babako


Kiponda, Unguja
13 Februari 1997

Baba,

Shikamoo, na Idd Mubarak. Sijui kama utaipokea salamu yangu lakini naileta. Sisi ni wazima wa mwili.

Utasikia kwa Mzee Saud yaliyotokea hapa siku ya Idd Tatu. Utayasikia yametiwa pilipili. Nataka uyasikie kwangu kwanza, bila kuongezwa.

Walikuja wanawake saba na Bi Jokha mbele, hamali nyuma na sanduku jekundu la magurudumu. Wakapanda juu, ukumbini, ubani, marashi, vicheko. Mama kanitia chumbani kama inavyopasa, mwari haonekani. Nikakaa kitandani. Nikawasikia wanalifungua sanduku na kutaja kila kitu kinachotoka, "Hii hariri! Hivi viatu! Jamani hii saa!" kama mnada. Nikawa najiambia, barua mbili nimeandika, yatosha, nimeshasema. Halafu nikasema, la, sijasema. Nimeandika.

Nikachukua sinia ya kahawa iliyokuwa jikoni, nikaingia nayo.

Wakashituka wote. Mmoja kasema, "Lo! Mwari kaja kwa miguu yake!" Mwengine, "Ana haraka huyu, mfungeni akdi leo leo."

Nikaweka sinia chini, maana vikombe vilikuwa vinagongana. Nikasema, "Shikamoo Bi Jokha."

"Marahaba mwanangu."

"Nimekuja kukwambia sitaki."

"Hutaki nini, mama, kahawa?"

"Sitaki kuolewa."

Baba, nilidhani patanyamaza. Wapi! Walicheka mpaka mmoja kafuta machozi kwa upindo wa kanga. "Wote husema hivyo." "Mie nilipanda juu ya paa." "Mie nilimng'ata somo yangu aliyekuwa akinifunda, na watoto wanane nimezaa." Bi Jokha kanivuta nikae karibu naye, kanipapasa mgongo, "Sema mwanangu, sema hutaki, ndivyo inavyopendeza."

Hapo ndipo nilipoona. Nikinyamaza, ndiyo. Nikisema hapana, ndiyo. Basi hapana yangu mimi inakaa wapi, Baba? Mmeipa chumba gani katika nyumba hii?

Wakanywa kahawa. Wakala haluwa. Kisha Bi Jokha akasema, "Haya, tuombe dua tuondoke. Alfatiha."

Mikono yao ikainuka. Nikaihisi na yangu inataka kwenda, kama ile siku. Nikaikamata. Nikaiweka chini ya mapaja yangu, nikaikalia.

Sijapata kufanya jambo gumu kama lile. Fatiha inasomwa na mie nimekaa na mikono imefichwa, mbele ya wanawake saba na mama yangu. Niliisoma moyoni, Mungu anajua, niliisoma neno kwa neno. Lakini mikono sikuinua. Wa kwanza kuniona alikuwa yule aliyepanda juu ya paa. Akasita. Jirani yake akamtazama, akanitazama, akasita naye. Sauti zikawa zinakatika moja moja mpaka Bi Jokha akajikuta anasoma peke yake. Akafungua macho.

Akanambia, "Inua mikono, mwanangu."

Nikasema, "Nikiinua mtasema na mie nimeitikia Amin."

Hakucheka mtu.

Nikamtazama Mama. Mikono yake ilikuwa bado iko juu. Nikajua hasira zako zote zitamwangukia yeye, yeye ndiye aliyenilea. Mama akaishusha. Polepole, akaiweka magotini.

Bi Jokha kateremsha mikono yake. Kisha kasema, si kwa ukali, "Huyu kweli hataki." Kajifunga buibui lake. Mlangoni kamwambia Mama, "Sanduku liache hapa mpaka nimsikie kaka yangu. Mie sibebi habari kama hii na mzigo pamoja."

Ndivyo ilivyokuwa. Sikumtukana mtu, sikupiga kelele, kahawa sikuimwaga. Kama ni kukuvunjia ahadi, nimeivunja, na nimeivunja mie, si Mama, si Bi Biasha. Ukiwa na neno la kumkemea mtu, liandike jina langu.

Na lile neno uliloliandika nimelisoma. Linaniuma na mie. Lakini nikikubali ili unipe radhi, utakuwa umempa radhi msichana mwengine, yule aliyekaa melini akacheka kila watu walipocheka. Mie yule simjui tena.

Nasubiri jawabu yako.

Mwanao,
Abeer


Kiponda, Unguja
1 Machi 1997

Baba,

Shikamoo. Ami Hamid karudi, na mafuta, na betri, na khabari za kila mtu. Barua kutoka kwako hana. Kasema alikwenda ghalani kwako mara mbili, ulimpa chai.

U mzima? Niambie hilo tu, mengine baadaye.

Abeer, mwanao


Kiponda, Unguja
22 Machi 1997

Baba,

Shikamoo. Mvua za masika zimeanza kunusa nusa. Mama hajambo, kashonesha kanga mbili kwa mkupuo, kasema ana hamu ya rangi. Skuli tumo ndani ya mitihani ya katikati. Nimesimamishwa darasani nikajibu, kwa Kiingereza, kwa sauti iliyosikika mpaka dawati la nyuma. Jawabu lilikuwa na kosa. Nikasimama nalo.

Mfunguo Mosi umekwisha. Nilikuwa kila Ijumaa nasikiliza hatua za ngazini, nikidhani ndiyo hiyo khabari inaletwa kuwa nimeshakuwa mke wa mtu. Haikuja. Jana alikuja Bi Jokha na hamali, kuchukua sanduku.

Hakukaa. Kasimama pale juu ya ngazi anahema. Nikamwambia, "Bi Jokha, nakuomba unambie, Baba kasema nini?"

Kasema, "Kaka yangu kanambia babako kamwendea nyumbani. Kakaa barazani kama mgeni, hata ndani hakuingia. Kamwambia: mwanangu hakukubali, niliyeitika ni mimi."

"Na Mzee Saud?"

"Kakasirika. Halafu kamwagizia chai. Wanaume wazee watakwenda wapi wakikosana? Na Talal, kama unataka kujua, kala chakula chake vizuri." Kisha kanishika kidevu, kanitazama kama anayepima kitambaa. "Una kichwa kigumu wewe. Ningekuwa na mtoto wa kiume mwengine ningekuomba tena."

Basi kumbe umemwambia. Umekwenda mwenyewe, na uso wako, ukaupeleka mpaka kwenye baraza lake. Mzee Saud kaambiwa, Bi Jokha kaambiwa, hamali mwenyewe kaambiwa maana alikuwa amesimama pale na sanduku kichwani. Mimi tu ndiye hujanambia kitu.

Nimelia jana. Leo nimeamka nimekasirika, na nikikasirika ndipo ninapoandika vizuri. Sasa nisikilize.

Wewe ndiye uliyenifunza kwamba mtu akiulizwa jambo na aliye na haki ya kumuuliza, akanyamaza, jawabu yake ni ndiyo. Uliniandikia kwa mkono wako, barua ninayo. Sasa mie nitakuuliza mambo, Baba, na wewe utayajibu kwa namna unayoijua.

Nnataka niendelee na skuli mpaka kidato cha sita, na nikishafaulu nisome mbele zaidi. Wasemaje?

Hujasema kitu. Ahsante.

Nnataka skuli zikifungwa nije Dubai nikae nawe, chumba kile kile, pasiwe na wageni kidogo. Nnataka siku moja tununue mikate yetu tukae ukingoni mwa hori, meli ile itupite, na mie nitakula mbele yako, nitakula mpaka nishibe. Wasemaje?

Ahsante.

Nnataka usimlaumu Mama kwa mikono yake. Wasemaje? Nimekusikia. Ahsante.

Na sasa la mwisho, nalo naliuliza nimesimama, sikulikalia. Uliniandikia kwamba nikikataa radhi zako sina. Nimekataa. Sijutii, na ukinipeleka tena kwenye meli ile nitakataa tena, na kokwa nitaitema sahanini. Nnakuuliza hivyo hivyo nilivyo: Baba, uko radhi nami?

Nimeweka kalamu chini. Nimekwenda nikamsaidia Mama kuanua nguo, maana mawingu yamekuja. Nimesali alasiri. Nimerudi, karatasi iko pale pale, na wewe hujasema kitu.

Nimeshakupa nafasi, na hukuwa juu ya maji. Mlango uko wazi, posta iko wazi, Ami Hamid anakuja huko mwezi ujao. Mama kashuhudia. Nimeipokea radhi yako, Baba, nimeitia kifuani na hainitoki.

Kama sivyo, sema.

Mwanao,
Abeer